Vidole Viwili vya Aechje Wouters

Aechje Wouters alikuwa na mume, na mume huyo alikuwa hai, ana nguvu zake, yuko chumba cha nyuma anafuma kitani tangu asubuhi. Lakini Aechje alikula peke yake kama mjane. Majirani wa mtaa ule wa Haarlem walilijua jambo hilo kama walivyojua kwamba mfereji hunuka wakati wa joto. Walilisema kidogo, wakaziba pua, wakaendelea na shughuli zao.

Hakuzaliwa mpweke. Alizaliwa katika watu wale ambao hawabatizi watoto wachanga, hawashiki silaha wala hawaapi, na watu hao hushikana kama nyuzi ndani ya kitambaa. Ukijenga, wanakuja. Ukifiwa, wanakupikia. Ukiuguliwa, hujui hata jiko lako limewashwa na nani. Bibi wa baba yake alizamishwa ndani ya pipa la maji enzi za mfalme wa Uhispania, kwa kuwa alikataa kumpeleka mwanawe kwa padri abatizwe. Aechje alisimuliwa habari hiyo mara nyingi sana utotoni, mpaka akawa anapita mbali na mapipa.

Lakini yeye alipokua, mji ulikuwa umechoka kuua watu kwa ajili ya dini. Kanisa kuu lilikuwa la Wakalvini, na vyeo vyote vilikuwa vyao. Wakatoliki walisali darini, nyuma ya maghala, na ofisa wa mji alipokea chake kila mwaka ili asiwaone. Watu wa Aechje nao walipewa jambo lao: mmoja wao akiitwa kutoa ushahidi, hakulazimishwa kuinua vidole viwili na kumtaja Mungu kama wengine. Alisema "ndiyo" tu, na sheria iliipokea ile ndiyo kama kiapo. Wazee wa kwao walijivunia ndiyo hiyo kuliko mtu anavyojivunia shamba.

Aliolewa na Gerbrant, mfumaji, wa watu haohao. Gerbrant hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililokuja kuwa gumu baadaye, maana mwanamke aliyetupwa na mume mbaya ana la kusema, na watu watamsikiliza. Gerbrant hakunywa kupita kiasi, hakupiga, hakutembea nje. Ila hakuwa na maneno. Kutwa nzima kwenye mtambo hakutoa sauti. Ukimsemesha alitikisa kichwa tu, macho kwenye nyuzi. Maneno yake yote aliyawekea meza. Akishakaa, akishavunja mkate, ndipo alipofunguka: nani kapita barabarani na kofia ya kuchekesha, uzi gani umemsumbua, aliota nini. Alikuwa na mzaha wa chini kwa chini ambao hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua. Walizaa watoto, na watoto hawakukaa. Baada ya kumzika wa mwisho, Aechje alibaki na mlo wa mchana na mlo wa jioni, na mtu wa kumwambia mambo katikati yake. Alijihesabu kuwa ana kitu.

Sasa sikiliza jinsi alivyokipoteza.

Wakati wa kiangazi alikuwa akifanya kazi kwenye viwanja vya kung'arishia kitani nje ya mji, kule vitambaa hulowekwa katika maziwa ya mtindi kisha hutandazwa juani kwenye majani. Mpagazi wa kule alikuwa Krelis, Mkatoliki, mtu mwenye mdomo mwingi na viatu vibovu. Jumapili moja asubuhi, jora la kitani kizuri cha mfanyabiashara mkubwa likatoweka uwanjani, na kwa vile Krelis ndiye aliyepaswa kulinda, akakamatwa Krelis. Saa ile alikuwa kwenye misa, darini kwa mtu. Waliosali naye walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusimama mahakamani akasema, maana angeulizwa ni wapi. Ofisa asingeweza tena kutokuwaona.

Ila Aechje alikutana naye darajani asubuhi ileile, yeye akienda kwenye ibada yake. Krelis alimwambia, "Niombee, mama, na mimi nitakuombea, mmoja wetu atakuwa amepatia." Alicheka, akampita. Kutoka daraja lile hadi viwanjani ni mwendo mrefu. Mtu hawezi kuwa huku na akawa kule.

Kwa hiyo Aechje alikwenda mbele ya mahakimu. Karani alikuwa na haraka. Shahidi aliyetangulia aliinua vidole vyake, akaapa, na karani akamgeukia Aechje bila kuinua uso akamwambia na yeye ainue. Aechje akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni wa wale wanaosema ndiyo. Hapo mwanasheria wa mfanyabiashara akatabasamu, akawaambia mahakimu kwamba ni kweli, sheria inasema neno la watu hao lisikilizwe. Lakini sheria haisemi, aliongeza, kwamba lina uzito gani. Mtu aliye tayari kumtaja Mungu na mtu asiye tayari, mahakimu wenyewe watapima.

Aechje angeweza kusema, sheria iko upande wangu, andika ndiyo yangu. Wengi waliomlaumu baadaye walisema angefanya hivyo tu. Lakini wao hawakuwapo. Yeye aliona mahakimu wakitazamana. Akamwona Krelis, mikono imefungwa mbele, hana mzaha wowote usoni, na hakuwa akimtazama Aechje machoni, alikuwa akiutazama mkono wake. Mwizi wa kitani alichapwa hadharani na kuchomwa chapa ya moto mgongoni, kila mtu alijua. Aechje akainua vidole viwili.

Krelis akaenda nyumbani siku ileile.

Habari ilimtangulia Aechje. Alipofika, Gerbrant alikuwa mezani, hajala.

"Umeinua?" akauliza.

"Nimeinua."

"Walikushika mkono wakauinua wao?"

"Hapana. Niliinua mwenyewe."

Gerbrant akasema kwamba supu itapoa, wakala. Siku hiyo bado walikula.

Kesho yake alikuja Lubbert, mzee wa kusanyiko lao, mkamua mafuta, mtu mwenye mikono mikubwa na sauti ya kubembeleza. Hakuja kwa ukali. Ingekuwa heri angekuja kwa ukali. Alikaa, akakubali bia nyepesi, akamweleza Aechje kwamba ile ndiyo haikuokotwa barabarani. Watu walichomwa moto ili isemwe. Bibi wa baba yake Aechje aliingia kwenye pipa kwa ajili ya imani iliyoizaa ndiyo ile. Na sasa karani mwenye haraka amemwambia mwanamke wao ainue mkono na mwanamke wao ameinua. Kesho karani atamwambia mwingine hivyohivyo, na mwanasheria atasema, mbona yule wa juzi aliinua? Hivyo ndivyo kitu kilichopatikana kwa roho za watu kinavyopotea, alisema Lubbert; hakinyang'anywi, kinaachwa kidogo kidogo.

Aechje aliona kwamba ni kweli.

"Hatutaki makubwa, dada," Lubbert akasema. "Simama Jumapili, useme nilikosa, najuta. Yaishe."

Jumapili akasimama. Alikuwa amedhamiria kabisa kusema. Alikuwa ameyarudia maneno yale akikuna sufuria, akimenya karoti za bustani, yakawa mepesi mdomoni. Lakini alipoinuka mbele ya watu, wanawake upande huu na wanaume upande ule, akasema kwamba anajuta kuwahuzunisha ndugu zake. Lubbert akamwambia kwa upole kwamba silo hilo. Aechje akasema anajuta kwamba sheria ilidharauliwa kwa sababu yake. Silo hilo pia.

"Sema umejuta kuinua vidole."

"Siwezi kujuta kwamba Krelis ana ngozi mgongoni."

"Hatukuulizi habari ya ngozi ya Krelis, dada. Hiyo sisi sote tunaifurahia. Tunakuuliza habari ya vidole."

"Vidole na ngozi ni kitu kimoja," Aechje akasema. "Nikikijuta kimoja nimekijuta na kingine. Nitakuwa nimesimama hapa nikiongopa, na nyie ndio mlionifundisha nisiongope."

Kuna waliolia. Gerbrant alikuwa upande wa wanaume, kichwa chini. Aliyetazamia kwamba angeinuka kumsemea mkewe hakumjua Gerbrant.

Wakampa muda, wakarudi tena na tena, na kila mara Lubbert alikuwa mpole, na kila mara neno lilikuwa lilelile. Mwisho wakamtenga. Na kwa watu wale kutengwa si kufungiwa mlango wa ibada tu. Anayetengwa, watu hawali naye, hawanywi naye, hawanunui kitu kwake. Na mume au mke hasamehewi sheria hiyo. Makusanyiko mengine ya watu haohao, yale legevu, yalikwishaacha jambo hilo kwa watu wa ndoa; walisema ni ukatili. Kusanyiko la Lubbert halikuacha. Walisema kwamba ukimwachia mtu kitanda chake na meza yake, kutengwa kutamuuma wapi hata arudi?

Gerbrant akahamisha godoro lake chumba cha mtambo.

Alimwambia siku hiyo maneno machache, na Aechje aliyakumbuka yote. Alisema, "Nyumba ni yako kama ilivyokuwa. Hutapungukiwa na kitu. Mimi sikuchukii, Aechje." Halafu akasema, "Sema neno lile uniokoe," akaingia ndani.

Basi yakaanza maisha yale. Aechje alipika kama kawaida, njegere, samaki wa chumvi, mkate mweusi, akaweka bakuli kwenye kigoda nje ya chumba cha nyuma, akaondoka. Akishafika jikoni alisikia mlango unafunguliwa, bakuli linachukuliwa, mlango unafungwa. Gerbrant hakulipokea kutoka mkononi mwa Aechje. Nyuzi zake ambazo Aechje alimzungushia kwenye vijiti tangu walipooana, sasa alizungushiwa na binti wa ndugu mmoja wa kusanyiko. Lililohitajika kusemwa lilisemwa: mvua inavuja, kuni zimekwisha. Jumapili Aechje alimsikia akiimba peke yake mule ndani kabla ya kwenda ibadani. Aechje alikaa kwenye meza kubwa akala, na kwa kuwa kimya kile kilimshinda, alianza kula amesimama.

Krelis alikuja mara moja kushukuru, akaleta jibini chini ya koti. Aligundua mambo yalivyo, akasimama mlangoni hana mzaha. Akasema kama angejua angekubali kuchapwa. Aechje akamwambia asiseme upuuzi, apeleke jibini kwa watoto wake. Hakurudi tena, na Aechje hakumlaumu. Nani anapenda kumtembelea mtu anayemdai kitu kisicholipika?

Aliyekuja kila siku ni Trijn, jirani, wa kanisa kuu, ambaye mumewe alikimbilia Amsterdam zamani.

"Shoga, wa kwangu alinikimbia kwa ajili ya malaya mwenye meno mazuri," alisema Trijn. "Wako amekukimbia kwa ajili ya vidole, tena amekimbilia chumba cha pili. Bora wangu. Mimi nilimjua wa kumtukana."

Trijn ndiye aliyemshauri ahame kusanyiko. Mji huu, alisema, una makanisa kama soko lilivyo na samaki. Chagua lenye harufu unayoivumilia, uende. Na kweli wale wengine, wale legevu, walimwambia Aechje karibu, hatuna haja na toba yako, njoo ukae. Alikwenda mara moja tu. Waliimba vizuri. Lakini Gerbrant hakuwa pale, wala asingekuja, na Aechje hakuwa ametoka nyumbani kutafuta nyimbo.

Na Trijn huyohuyo ndiye aliyemtia moyo aende kwa wakuu wa mji. Aechje alivaa kola safi, akangoja kwenye benchi pamoja na watu wenye kesi za mifereji na mbwa, akaingia. Mkuu aliyemsikiliza alikuwa mzee wa Kikalvini, mstaarabu, aliyemwambia akae. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza.

"Mumeo amekupiga?"

"Hapana, bwana mkubwa."

"Amekufukuza nyumbani? Amekunyima chakula, kuni, nguo?"

"Hapana."

"Wazee wako wamechukua mali yako yoyote?"

"Hawajachukua kitu."

Mzee akafungua mikono yake. Alimweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua haizuiliki, kwamba mji una mamlaka juu ya miili ya watu na mali zao. Juu ya roho zao hauna. Zamani mji ulijipa mamlaka hayo, na Aechje mwenyewe anajua watu wake walifanywa nini. Sasa kanisa ni kama chama: anayetaka anaingia, anayetaka anatoka, na chama chenyewe kinaamua kinakaa na nani. Mradi hakuna aliyepigwa wala kuibiwa, mji hautii mkono.

"Leo nikimwamuru Lubbert akurudishe," akasema, "kesho mwenzangu atamwamuru abatize vichanga. Unataka hivyo?"

"Sitaki," Aechje akasema. "Lakini bwana mkubwa, simtaki Lubbert. Namtaka mume wangu aje kula."

"Mama," mzee akasema, naye alionekana kusikitika kweli, "hakuna sheria ya kumlazimisha mtu kula na mtu."

Akarudi nyumbani kwa njia ya mbali.

Juu, chumba cha mbele, alikuwa na mpangaji, Mfaransa Malbosc. Wafaransa wa Kikalvini walikuwa wakimiminika mwaka ule na mwaka uliotangulia, baada ya mfalme wao kuwafungia makanisa, na kila nyumba yenye chumba ilikuwa na Mfaransa wake. Huyu alikuwa mwalimu huko kwao. Alikuwa na kikohozi, suruali moja, na karatasi zisizo na mwisho. Aechje hakujua kusoma zaidi ya kutambua jina lake, lakini alijua Malbosc anaandika nini, kwa sababu alimweleza kila alipompelekea makaa: anaandika kwamba mtu asilazimishwe katika dini. Siku ile Aechje alipanda ngazi bila makaa.

"Bwana Malbosc, wewe unasema mtu asilazimishwe. Kwa nini?"

Alifurahi kuulizwa. Alisogeza karatasi, akamkalisha. Alisema kwamba kwao askari waliwekwa majumbani mwa watu, wakila wanavyotaka, wakipiga ngoma kitandani kwa mgonjwa, mpaka mwenye nyumba atie sahihi kwamba amebadili dini. Na mapadri waliwasomea askari ile habari ya Injili ya mwenye karamu aliyetuma watumishi wakawalazimishe watu waingie. Lakini fimbo inainamisha shingo, alisema, haifiki kwenye imani. Ukimpiga mtu mpaka akubali, umepata mnafiki, hujapata muumini. Na zaidi ya hapo, mtu anayekosea, ikiwa anaamini kwa moyo mnyofu kwamba hivyo ndivyo Mungu anavyomtaka, hana budi kufuata dhamiri yake. Akienda kinyume nayo ametenda dhambi, hata kama huko kinyume ndiko kwenye haki.

Aechje alilifikiria hilo.

"Basi Gerbrant anafanya vizuri kutokula na mimi."

"Anakosea," Malbosc akasema. "Anakosea sana, mama. Lakini..."

"Lakini hana budi."

"Kama anaamini hivyo kweli, hana budi."

"Na mimi nilipokataa kusema najuta?"

"Wewe pia. Ulifuata dhamiri yako. Hakuna anayeweza kukulaumu."

"Yeye sawa, mimi sawa, Lubbert sawa, na yule mzee wa mji sawa," Aechje akasema. "Na meza ina mtu mmoja."

Malbosc akaangalia karatasi zake kana kwamba jibu limeandikwa mahali hapo akalisahau. "Kuhusu meza sijaandika," akasema.

Alikuwa mtu mwema, hakucheka wala hakumfukuza. Aechje akamuuliza mke wake yuko wapi. Malbosc akasema yuko kwao; alitia sahihi, akabaki, na sasa anakwenda misa. Yeye anamwandikia na hapati majibu.

"Ungepewa wale askari kesho," Aechje akamwambia, "ukaambiwa, watume wakamlete, waingie wapige ngoma mpaka aje kwako. Ungewatuma?"

Malbosc alikohoa, akachukua muda mrefu kufuta mdomo.

"Nisingewatuma," akasema mwishoni, na hakumtazama.

Hata hivyo Malbosc alijaribu kumsaidia. Alishuka akazungumza na Gerbrant kupitia kelele za mtambo, mchana mzima. Aliporudi alikuwa amechoka. Alisema mumeo si mjinga. Kila alilomwambia, Gerbrant alilikubali, kisha akamuuliza: kwa hiyo nawe unasema nisiende kinyume cha dhamiri yangu? Na Malbosc hakuwa na pa kupita.

Aechje alisikia kicheko kidogo kikimtoka. Alikuwa ameutambua: ule ulikuwa mzaha wa Gerbrant, ule wa chini kwa chini. Amempa Mfaransa.

Vuli ilipoingia, homa ya mabwawa ikashika mtaa, na Gerbrant akalala. Bakuli lilibaki kwenye kigoda mpaka likaganda. Aechje alisimama mbele ya mlango ule ambao hakuwahi kuuvuka tangu Gerbrant alipohamia humo, akamtuma Trijn kwa Lubbert akaulize. Hata wakati ule aliuliza. Lubbert alijibu upesi: mgonjwa yuko katika shida, na katika shida sheria yao inaruhusu huduma, hata ya mtu aliyetengwa. Amhudumie mpaka shida iishe.

Akamrudisha kitandani kwao. Akamvua, akamwosha, akambadilisha mashuka. Akapika uji wa shayiri na mtindi, akaketi ukingoni, akamlisha kwa kijiko. Kijiko kikienda mdomoni na kurudi, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kile, walikuwa wanakula pamoja, kama mtu akiamua kuita hivyo. Aechje aliamua. Alijionjea mwenyewe kijiko kimoja katikati, cha kuona kama ni cha moto, na Gerbrant aliona, akafungua mdomo tena.

Mwanzoni aliweweseka tu. Kisha homa ikalegea, na maneno yakaanza kurudi. Alimwambia Aechje kwamba binti anayemzungushia nyuzi anaziacha legelege kama soksi za mzee. Alimuuliza kama Trijn bado anamtukana mumewe kwa jina lote au amefupisha. Aechje alicheka mpaka uji ukamwagika, na Gerbrant akafumba macho akitabasamu, amejiridhisha.

Aechje alianza kuogopa kupona kwa Gerbrant. Ni jambo baya na alijua ni baya. Alimpikia chakula cha kumjenga, maana asingeweza kufanya vinginevyo, na kila rangi ilipozidi usoni pake, yeye moyo ulimshuka. Aliona kwamba sasa anaweza kuvuta blanketi mwenyewe. Alimwona anajikuna sikio. Lakini kijiko kilipokuja alifungua mdomo, akalala mikono ndani ya blanketi, na Aechje akamlisha, na hakuna aliyesema neno juu ya mikono. Siku zile Aechje alitumaini. Aliona kwamba yupo mtu mle ndani anayechagua, na anamchagua yeye, kwa namna pekee iliyobaki ya kumchagua.

Lubbert alikuja asubuhi yenye jua. Alileta pea kutoka bustani yake, akaulizia hali, akasimama miguuni pa kitanda. Aechje alikuwa amekaa na bakuli mapajani, kijiko kimejaa.

"Homa imekwisha?" Lubbert akauliza.

Aechje akasema imepungua.

"Anaweza kushika kijiko mwenyewe?"

Hakuliuliza kwa hila. Lilikuwa swali la kawaida; kulikuwa na wagonjwa wengine wa kuwatembelea na alitaka kujua nani anahitaji mtu. Aechje alimjibu bila kugeuka.

"Bado."

Katika maisha yake hakuwahi kusema uongo wa wazi hivyo, na ulitoka kwa urahisi mno, ukakaa chumbani pamoja nao. Gerbrant alimtazama. Alimtazama kwa muda, kwa macho ya mtu aliyepona, na Aechje naye akamtazama, asimwombe kwa neno lolote. Gerbrant hakuwa na haja ya kufanya kitu. Angekaa tu kama alivyokaa jana.

Akatoa mkono nje ya blanketi. Ulikuwa umekonda. Akachukua kipande cha mkate kilichokuwa ukingoni mwa bakuli, akakiweka kando, akavuta bakuli kutoka mapajani kwa Aechje, akalitua kifuani pake. Kisha akangoja. Hakukipokea kijiko kutoka mkononi mwa Aechje, alingoja akiweke. Aechje akakiweka juu ya blanketi, na Gerbrant akakichukua hapo, akaanza kula, kimyakimya, macho kwenye uji.

Lubbert hakusema lolote juu ya ule uongo, siku ile. Alimshukuru Aechje kwa huduma yake, akamwambia kwamba binti wa ndugu yule atakuja mchana kumsaidia Gerbrant arudi chumba cha nyuma. Halafu akavuta kiti karibu na kitanda, akatoa pea moja na kisu, akaanza kuimenya kwa ajili yake na Gerbrant, akangoja.

Aechje akaelewa kwamba anangojwa atoke. Akainuka, akatoka, akaufunga mlango vizuri nyuma yake, kwa sababu upepo ulikuwa unaingia na Gerbrant alikuwa hajapona sawasawa.